Ganzi ya ukuta wa tumbo: inachokizima na isichokifikia

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: sindano ya ganzi inayochomwa ubavuni au chini ya mbavu, ili mgonjwa aliyepasuliwa tumbo kwa matundu madogo asiamke na maumivu makali. Wengi walioandika ni wagonjwa na wanaowauguza. Wawili wanafanya kazi katika vyumba vya upasuaji, na hao tumewajibu kwa hesabu kamili, kwa sababu ganzi hii ikidhuru, mara nyingi kosa limeanzia kwenye hesabu.

SWALI: Shikamooni madaktari. Nina miaka 46, naishi Morogoro. Nimepangiwa kuondolewa kifuko cha nyongo kwa ajili ya mawe, kwa njia ya matundu. Daktari wa usingizi ameniambia nitalazwa usingizi kamili, halafu nichomwe na ganzi ya tumbo. Kama nimeshalala, ganzi ya nini tena? Na ndiyo ile sindano ya mgongo wanayosema inaharibu kiuno?

Marahaba, dada. Tuanze na la mwisho: siyo ile. Sindano ya mgongo hupita kati ya pingili hadi kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, na hutia ganzi mwili wote wa chini hadi miguuni. Hii yako haikaribii uti wa mgongo. Huchomwa kwenye nyama za tumbo ukiwa umelala chali, na kwa kuwa tayari uko usingizini, hata mchomo wenyewe hutausikia.

Kuhusu ganzi juu ya usingizi: dawa ya usingizi hukuzuia kujua kinachoendelea wakati wa upasuaji. Ikikatwa, unaamka, na vidonda vinaamka pamoja nawe. Ganzi hubaki kazini saa kadhaa baada ya hapo, na ndiyo inayokuwezesha kugeuka, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa siku ile ile. Pia hupunguza haja ya mofini, dawa nzuri ambayo hata hivyo huwaletea wengi kichefuchefu, usingizi mzito na choo kigumu.

Ubavuni mwa mtu, ukuta wa tumbo una tabaka tatu za misuli zilizolaliana kama mikeka mitatu. Kati ya mkeka wa pili na wa tatu hupita mishipa ya fahamu inayotoka mgongoni kuja mbele, ikibeba hisia za ngozi na misuli ya tumbo. Mtaalamu akiimwaga dawa katika mwanya huo, mishipa kadhaa hulala kwa mchomo mmoja. Hospitalini utasikia ikiitwa TAP. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, wakati huo kwa kupapasa tu. Miaka michache baadaye ikaanza kufanywa kwa kuangalia kwenye altrasaundi, na ndiyo njia salama zaidi leo.

Kwako wewe kuna jambo la kuuliza. Upasuaji wa kifuko cha nyongo kwa kawaida huwa na matundu manne: moja kitovuni, moja chini ya chembe cha moyo, na mawili madogo upande wa kulia. Sindano ikichomwa ubavuni, ganzi hushika vizuri kuanzia kitovuni kwenda chini, lakini tundu la chembe cha moyo hubaki na uchungu wake wote. Kwa upasuaji wako sindano inafaa ichomwe chini ya ukingo wa mbavu. Kwa hiyo muulize daktari wako, "Mtanichoma ubavuni au chini ya mbavu?" Si swali la utovu wa adabu, na mtaalamu mzuri atafurahi kulijibu.

Na ujue mapema ambayo ganzi hii haiyafikii: maumivu ya ndani, pale kifuko kilipobanduliwa kwenye ini, na maumivu ya bega. Mishipa inayobeba maumivu hayo haipiti kwenye ukuta wa tumbo. Ndiyo maana vidonge vya maumivu havikwepeki hata ganzi ikishika vizuri namna gani.

SWALI: Mume wangu alipasuliwa ngiri kwa matundu asubuhi, akarudi wodini anazungumza na kucheka. Saa 5 usiku akaanza kugugumia kwa maumivu hadi nikaogopa. Muuguzi akasema ni ganzi imeisha. Ndivyo inavyokuwa? Mama wa Tabora.

Ndivyo, mama, na lilitakiwa lisemwe mapema. Bupivakeini, dawa ya ganzi inayotumika kwa kazi hii, ikichomwa mara moja hufanya kazi kwa takriban saa 8 hadi 12, kwa wengine zaidi kidogo. Aliyechomwa saa 4 asubuhi ataanza kuhisi vidonda kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, yaani wakati ambao wodi imepoa na muuguzi yuko peke yake na wagonjwa wengi.

Kosa linalofanyika ni kusubiri. Mgonjwa hana maumivu jioni, kwa hiyo anaruka vidonge vyake. Kidonge cha kumeza kinahitaji karibu saa nzima kabla ya kutuliza, na maumivu yaliyokwisha kuwaka ni magumu kuyazima kuliko yale yaliyozuiwa. Dawa ianze mgonjwa angali anacheka, na iendelee kwa saa, si kwa kuomba.

Mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 na ini lisilo na shida humeza parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6. Visizidi vidonge nane kwa siku, na hesabu ijumlishe parasetamoli iliyofichwa kwenye dawa za mafua. Juu ya hiyo, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula, kwa siku mbili tatu. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Huyo amwone daktari ampangie nyingine. Dawa kali kama tramadoli ibaki akiba ya maumivu yanayopenya hizo mbili. Ikitangulizwa, mgonjwa hupata kizunguzungu na kutapika, na kutapika kunavuta vidonda upya.

Ila tofautisha, tafadhali. Ganzi inayoisha huleta uchungu pale palipokatwa, unaoongezeka mtu akijigeuza na kutulia akimeza dawa. Tumbo linalozidi kuvimba na kukaza, moyo unaokwenda mbio, homa, jasho la baridi, au uchungu unaopanda saa hadi saa hata baada ya dawa: hayo usikubali yaitwe "ganzi imeisha". Huenda ni damu inayovuja ndani, utumbo uliotoboka, au nyongo inayomwagika kwa aliyetolewa kifuko. Daktari aitwe usiku huo huo.

SWALI: Nilitolewa kidole tumbo kwa matundu wiki iliyopita. Tumbo halikuniuma sana ila bega la kulia liliniua siku mbili. Nilifikiri walinilaza vibaya mezani. Kijana wa Tanga.

Hawakukulaza vibaya. Ili kamera ione, tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Hewa hiyo huvuta kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na inayobaki baada ya upasuaji hujikusanya chini yake. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hutoka shingoni, katika shina lile lile linalopokea hisia za bega. Ubongo hupokea malalamiko ya kiwambo na kuyasoma kama ya bega. Unaweza kulikanda bega mchana kutwa usipate nafuu, kwa kuwa bega lenyewe ni zima.

Dalili ya kuitambua ni kwamba huzidi ukikaa au kusimama, kwa sababu hewa hupanda, na hupungua ukilala tambarare. Kwa wengi huisha ndani ya siku mbili au tatu mwili unapoifyonza hewa. Parasetamoli na ibuprofeni husaidia, na kutembea polepole pia.

Dawa kubwa ya bega, hata hivyo, iko mkononi mwa mpasuaji, kabla ya kushona. Afanye kazi kwa shinikizo dogo la milimita 8 hadi 10 pale anapoona vizuri. Mwishoni aache milango ya matundu wazi, amkandamize mgonjwa tumbo taratibu, na mwenye kutoa usingizi ajaze mapafu mara chache ili kiwambo kiisukume hewa nje. Ni kazi ya dakika moja au mbili inayomwokolea mgonjwa siku mbili za mateso, na tunasikitika kila inaporukwa.

Bega linalouma pamoja na kifua kubana au pumzi kukatika si la kusubiri nyumbani.

SWALI: Baada ya ganzi ya ubavuni, paja la kulia la dada yangu lilikuwa halina nguvu, akaanguka akienda msalani. Amepooza? Dodoma.

La, hajapooza. Dawa ikichomwa chini mno au ndani mno, huteleza chini ya utando hadi kwenye mshipa wa fahamu wa paja, na goti linakosa nguvu ya kujinyoosha. Hurudi kawaida ganzi inapoisha, ndani ya saa 24. Yakizidi hayo, apimwe. Hatari yenyewe ni huko kuanguka: aliyechomwa ganzi hii asishuke kitandani mara ya kwanza bila mtu, na kabla ya kushuka aweze kunyanyua kila mguu ukiwa umenyooka.

SWALI: Natoa dawa za usingizi katika hospitali ya wilaya, mkoa wa Kagera. Nina altrasaundi ya kliniki ya wajawazito, bupivakeini asilimia 0.5 na moyo wa kujifunza. Kwa wagonjwa wengine TAP inashika vizuri, kwa wengine ni kama nimechoma maji. Na nikiri kwamba hatuna emulsheni ya mafuta, ile dawa ya mshipani ya kumwokoa mgonjwa ganzi ikizidi kwenye damu. Nakosea wapi?

Ndugu yetu, barua yako ndiyo iliyotufanya tupanue ukurasa huu.

Kwanza angalia kichwa cha altrasaundi. Kile kilichopinda cha wajawazito kimeundwa kuona mbali. Kwa mgonjwa mnene kinaweza kutosha, lakini kwa mwembamba tabaka za misuli ziko sentimita mbili au tatu tu chini ya ngozi, na kichwa hicho huzionyesha kama ukungu. Omba kichwa bapa kinachotumika kwa mishipa ya damu na matiti.

Kiweke kikingamane na mwili, katikati ya ukingo wa mbavu na mfupa wa nyonga, ubavuni kabisa. Hesabu tabaka kutoka juu: mafuta, msuli wa nje, msuli wa kati ulio mnene kuliko wote, kisha wa ndani, mwembamba na mweusi zaidi. Chini yake utaona utumbo ukicheza. Ukikosa kuzihesabu tatu, anzia katikati ya tumbo kwenye msuli ulionyooka, uteleze polepole kwenda ubavuni mpaka zifunguke mbele yako. Ingiza sindano butu ya geji 22, ya milimita 80 hadi 100, kutoka upande wa mbele, ikilala sambamba na kichwa ili uione yote, ncha hasa. Usiisogeze hatua moja ncha ikiwa imepotea machoni. Hapo ndipo ini na utumbo hutobolewa.

Ukifika mwanyani, vuta bomba uone kama kuna damu, kisha sukuma mililita 1 au 2 za maji ya chumvi. Mahali sahihi hujifungua kama jani jembamba, tabaka mbili zikiachana. Ukiona msuli wenyewe unavimba kama donge, uko ndani ya nyama, na hiyo ndiyo "kuchoma maji" unayoisema. Sogeza milimita moja, ujaribu tena. Dawa iende mililita 5 kwa 5, ukivuta bomba kila mara. Ganzi hii hushika kwa kutandaa, kwa hiyo inahitaji ujazo: mililita 15 hadi 20 kila upande. Mililita 10 zilizokolea hufanya kazi ndogo kuliko 20 zilizozimuliwa.

Sababu ya pili ya kushindwa ni kuchoma mahali pasipo pa upasuaji huo. Ubavuni kunafaa matundu ya kitovuni na chini yake: kidole tumbo, kizazi, ngiri. Kwa nyongo panda chini ya ukingo wa mbavu, karibu na chembe cha moyo, umwage dawa kati ya msuli ulionyooka na ule wa ndani unaoanza nyuma yake, ukiifuata mbavu kuelekea nje. Tundu la kitovuni likiwa kubwa, ongeza ganzi ya ala ya msuli ulionyooka kwa mililita chache kila upande, nyuma ya msuli na mbele ya utando wake wa nyuma. Tena, ukichoma mwishoni wakati hewa imepenya chini ya ngozi, altrasaundi haioni kitu. Kwa hiyo choma kabla ya kisu.

Sasa hesabu. Kikomo salama cha bupivakeini ni miligramu 2 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 60 ana miligramu 120 kwa upasuaji mzima. Chupa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 katika kila mililita. Chukua mililita 20, ambazo ni miligramu 100, zimua na maji ya chumvi mililita 20, upate mililita 40 za asilimia 0.25. Hizo ni 20 kila upande, na umebakiza miligramu 20. Mpasuaji akija mwishoni na mililita 20 za asilimia 0.5 za kwake kwenye vidonda, mgonjwa amefikia miligramu 200, zaidi ya 3 kwa kilo, na hakuna kati yenu aliyekosea peke yake. Andika jumla kwenye ubao wa chumba, kwa herufi kubwa. Lidokeini, dawa nyingine ya ganzi, nayo inaingia kwenye hesabu hiyo: ukishatumia nusu ya kikomo chake, bupivakeini imebakiza nusu. Mgonjwa mnene apimiwe kwa uzito unaolingana na urefu wake. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 110 mhesabie kama wa kilo 55.

Chupa nazo zisichanganywe. Bupivakeini nzito ya sindano ya mgongo, ile ya mililita 4 yenye sukari, si ya kazi hii.

Dawa ikizidi kwenye damu, aliye macho hulalamika ladha ya chuma mdomoni, ganzi ya midomo na masikio kuvuma, kisha huchanganyikiwa na kupata degedege. Aliye usingizini hatakuambia chochote. Utaona presha inashuka, moyo unakwenda polepole na michoro yake inapanuka. Kiwango hupanda sana katika nusu saa ya kwanza, kwa hiyo usimtoe machoni kabla ya dakika 45. Ikitokea: oksijeni, linda njia ya hewa, zima degedege kwa midazolamu au diazepamu, na anza emulsheni ya mafuta ya asilimia 20. Mililita 1.5 kwa kilo kwa dakika 2 hadi 3, kisha mililita 0.25 kwa kilo kila dakika, jumla isizidi mililita 12 kwa kilo. Kwa kilo 60 hiyo ni mililita 90, halafu 15 kila dakika, na mwisho ni 720. Adrenalini iwe kidogo, isizidi mikrogramu 1 kwa kilo kila mara. Moyo ukisimama, kandamizeni kifua bila kukata tamaa hata zaidi ya saa moja, maana bupivakeini huuachia moyo polepole. Propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe na ina mafuta, lakini mafuta yake ni machache na yenyewe hudhoofisha moyo. Haiwezi kuwa mbadala.

Ndiyo maana ushauri wetu kwako ni huu, ingawa unakata moyo: mpaka emulsheni iwe kabatini, acha TAP ya pande zote mbili, ufanye ile ya kuchoma ganzi kila tundu kwa dozi ndogo, tunayoieleza katika jibu linalofuata.

SWALI: Sisi Mombasa tuna kamera ya upasuaji lakini altrasaundi haipatikani chumbani. Wagonjwa wetu wakose ganzi? Muuguzi wa chumba cha upasuaji.

Wasikose. Kamera yenyewe ni jicho. Hewa ikiwa bado tumboni, mpasuaji hupitisha sindano ubavuni kati ya mbavu na nyonga, akihisi ikipenya ghafla mara mbili kwenye tando za misuli, huku kamera ikitazama ukuta kwa ndani. Dawa ikiingia, paonekane uvimbe mpana, laini, uliofunikwa na nyuzi za msuli. Ukitokea kama lengelenge jembamba linaloangaza, sindano imefika kwenye utando wa tumbo. Irudishwe nyuma kidogo. Kuipitisha kwa kupapasa tu bila jicho lolote hatukushauri. Mara nyingi dawa huangukia kwingine, na kwa wanene huwezi kuhisi hizo tando.

Kuna na njia nyepesi zaidi: kulichoma kila tundu ganzi, mililita 3 hadi 5 za bupivakeini ya asilimia 0.25, kuanzia ngozi hadi utando wa ndani, si ngozi pekee. Kwa matundu manne hazizidi miligramu 50. Pamoja na parasetamoli, dawa ya jamii ya ibuprofeni, na deksamethasoni miligramu 8 mwanzoni mwa usingizi (mwenye kisukari apimwe sukari baadaye), mgonjwa wa nyongo wa kawaida hupita usiku wake vizuri. TAP huonyesha thamani yake hasa kwa yule asiyeweza kutumia ibuprofeni au mofini, na palipo na kidonda cha kutolea utumbo au kizazi.

SWALI: Baba yangu anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na atapasuliwa kwa matundu. Ganzi hii inamfaa? Arusha.

Mara nyingi inamfaa kuliko sindano ya mgongo, kwa kuwa damu ikivuja kwenye nyama za tumbo inaonekana na kukandamizika, wakati ikivuja ndani ya mfereji wa mgongo hubana uti. Lakini ziko ganzi za jamii hiyo zinazochomwa ndani zaidi, karibu na misuli ya kiuno, na hizo huhitaji tahadhari ile ile ya mgongo. Mpeleke na vidonge vyake mkononi wiki moja kabla, pamoja na majibu ya mwisho ya kipimo cha kuganda kwa damu. Asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe.